Usiku Ambao Hakuna Aliyerusha Ndala

Kwako Dada Jahura,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Tuli. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya mwezi huu ilinibana kifua, lakini nimekunywa tangawizi na sauti imerudi. Mama wa Kibede, wale wachuuzi waishio kwenye mashua, aliyekuletea barua hii ndani ya kapu lake la bangili ni mtu wa kuaminika. Mpe mkono akuvishe bangili, mtaniane kama kawaida yenu, kisha uisome jikoni na kuitia motoni. Najua barua zikija kwa posta, shemeji huzifungua kwanza yeye.

Nimeandika upesi kwa sababu Alhamisi ijayo kundi letu la maigizo litakuwa mjini kwenu, kwenye uwanja wa shule, na shemeji Mofazzal ndiye mwenyekiti wa kamati iliyotualika. Ameshatuma salamu kwamba atakaa mbele kabisa, na wewe utakuwa upande wa wanawake, umwone mdogo wako anavyong'ara. Dada, kuna jambo lazima ulijue kabla hujaketi pale. Nitalifikia, niwie radhi tu nikianzia mbali, maana mkono umekuwa mzito.

Unajua kwamba katika kundi mimi ndiye mtu mbaya. Tukifika kijijini, wenyeji hugawana waigizaji wakawalaze. Anayecheza shujaa hugombewa, anapewa yai la bata na maziwa ya moto. Mimi naonyeshwa mkeka karibu na ng'ombe. Juzi nilimwomba mwanamke maji kisimani, akamvuta mwanawe na kumwambia kwa sauti, ili nami nisikie, kwamba huyu ndiye yule mwenye mashamba anayechoma nyumba za watu, akileta ukaidi atachukuliwa. Nilicheka, lakini kicheko cha mtu mmoja hakinogi. Nilikunywa maji yangu nikaondoka.

Zamani nilikuwa najifariji kwa ndala. Kwetu mtu mbaya asiyerushiwa ndala si lolote si chochote. Basi nilikuwa nanguruma, natoa macho, nasokota masharubu, na watu pande zote nne za jukwaa wanapiga kelele, mbwa wewe, mwizi wewe, ngoja ushuke! Ndala zinanyesha. Nilikuwa naziokota moja moja na kuinamisha kichwa kwa heshima. Sijawahi kununua ndala tangu nianze kazi hii, ingawa ya kushoto na ya kulia hazijawahi kufahamiana.

Msimu huu tuna mchezo mpya, na humo nilibadilika. Mke wa mkulima ananimwagia chai kwenye karatasi zangu. Siungurumi. Natabasamu, namwambia si neno, namuuliza kama amechoka. Halafu navua shali yangu, naikunja taratibu, ncha kwa ncha, naiweka kitini. Navua saa. Kisha namwomba kwa upole afunge mlango. Basi. Simgusi hata kidole.

Usiku wa kwanza haikuruka hata ndala moja. Uwanja mzima kimya, nikasikia karabai zikivuma. Upande wa wanawake mmoja alijifunika uso kwa sari. Mwingine alisimama na mtoto wake, akakaa tena. Nikajua leo nimechemsha. Nyuma ya pazia nilifuta rangi nikaanza kufunga sanduku langu. Mzee Horipod, mwenye kundi, akaja kunisimamia, nami nikawahi kumwomba msamaha. Akaniita punguani. Akasema watu humrushia ndala wasiyemwogopa, na akauliza kama nimewahi kuona mtu akimrushia ndala nyoka aliyelala naye kitandani. Yule mngurumaji, alisema, kila mtu anajua katoka kwenye kopo la rangi na asubuhi ataoshwa. Huyu wameshakutana naye. Wale wanawake hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wanatazama milango ya kwao. Kisha akaniuliza mtu yule nimemtoa wapi. Nikasema nimemtunga.

Tangu siku hiyo tunaitwa kila mahali, na mimi nimebaki peke yangu kuliko wakati wote. Hata wenzangu! Shefali, anayecheza mke wa mkulima, alikuwa ananiita kaka na kunitafunisha tambuu lake. Sasa nikikunja hata shuka langu la kulalia, anatoka nje. Aliniambia asubuhi moja kwamba anajua ni mimi, wala hana kinyongo, ila mwili wake ndio haujui. Nilimwambia sijaudhika. Niliudhika, Dada, nilikaa nyuma ya mahema nikalia kama mtoto.

Sasa niseme. Mtu yule sikumtunga. Ni mume wako.

Wakati wa mvua, njia zilipofunikwa na maji, nililala kwenu chumba cha nje. Jioni moja ulimwaga chai kwenye karatasi za kamati. Shemeji hakufoka. Alikuuliza kama umechoka, akaanza kukunja shali, nami kwa ujinga wangu nikawaza, dada yangu amepata mume mpole namna gani! Ndipo ukanitazama. Mlango ukafungwa. Sikusikia kitu, hata kilio chako, na kule kutosikia kitu hakujanitoka masikioni. Asubuhi ulisema umegongwa na mlango wa ghala. Yeye mwenyewe alikuwa anakupaka manjano shavuni na kuutukana ule mlango ili nicheke. Nami nikacheka. Nilikula wali wake nikafyata ulimi.

Nisamehe kwamba siri yako nimeipeleka jukwaani kabla ya kukuuliza. Usiogope kwamba atajitambua. Kila uwanja una mmoja kama yeye, amekaa mbele na shali begani, na huyo ndiye anayetikisa kichwa kuliko wote na kusema, lo, mnyama gani yule! Atakayejitambua ni wewe, na machozi yako atayaona. Ndiyo maana nimekuandikia.

Kama hutaki nililowaza, baki nyumbani, sema una homa. Nami nisipokuona, nitanguruma kama zamani, warushe ndala zao, tuondoke, nisikulaumu kamwe. Lakini kama umechoka kweli, njoo ukae mwisho kabisa, karibu na kamba inayozunguka uwanja. Uvumilie mpaka tendo la mwisho, wakulima wanaponizingira na miundu. Unawajua watu wetu: mtu mbaya hajafa, haondoki mtu, hata mwenye kubanwa na mkojo atajikaza. Shemeji ni mwenyekiti, hawezi hata kugeuza shingo. Hapo mchukue Tuli kana kwamba unampeleka haja, mpite nyuma ya shule mpaka mtoni. Usibebe mfuko. Mama wa bangili atakuwa kwenye mashua yake, atawafikisha kwa mama mdogo Saleha. Nimeshamtumia habari, anawangoja, na shemeji hapajui kwake.

Kwa kawaida mundu wa kwanza ukinigusa naanguka, watu wakalale. Alhamisi nitatambaa. Nitaomba maji, nitaomba msamaha, nitainuka tena niwalaani wote mmoja mmoja. Mnong'onezaji wetu, yule anayetukumbusha maneno, ataishiwa nayo, na Mzee Horipod atanitukana kutoka nyuma ya pazia. Wacha wapige kelele kwamba nife upesi. Sifi, Dada, mpaka nione pale ulipokaa pako wazi.

Sina wa kukutuma umsalimie, maana barua hii hukuipata. Mbusu Tuli, usimwambie busu limetoka wapi. Mungu awafunike nyote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Motaleb