Fundo la Mama Régina

Kasongo, 9 Machi 1957

Dada yangu Léocadie,

Kwanza nakusalimu, na Mama Régina nampigia magoti kutoka huku niliko. Kifua chake kimepoa? Sisi tuko wazima, Mungu ashukuriwe, ila nimesikia habari ya shemeji. Asani, dereva wangu, ndiye aliyeileta: kwamba wamemkamata Grégoire na kumhamishia Ekwateri, upande wa pili wa nchi, hata siku moja ya kuagana hamkupewa. Na kosa lake ni kuwaambia wakulima wasipeleke mpunga wote kwenye soko la kampuni, wabakize kidogo waniuzie mimi kwa siri! Kama hilo ni kosa, basi nusu ya Maniema ingekuwa Ekwateri.

Nilitaka kuja. Kamyo, ile gari yangu ya mizigo, iliharibika, ikapona, kisha nikaitwa na Bwana Mkubwa wa teritwari, yule Mbelgiji, kwa ajili ya ile mifuko ya mpunga waliyoishika barabarani. Wenzangu wawili wamefungiwa maduka. Mimi wameniachia patenti, niendelee na biashara. Ni bahati tu, dada.

Asani anakuletea chumvi, sukari na vitenge viwili. Kile chekundu usimpe mtu, ni chako.

Mdogo wako,
Aziza


Kabambare, 28 Aprili 1957

Mdogo wangu Aziza,

Salamu zako zimefika. Kifua cha mama kimepoa, sasa macho ndiyo yanayokataa. Watoto hawajambo, mdogo bado anamwekea baba yake chakula pembeni.

Sikukueleza jinsi walivyomchukua. Polisi walikuja asubuhi, tunapepeta. Walikuwa na mfuko mmoja wa ile iliyoshikwa njiani. Polisi aliutupa uani akasema, "Mama, hii mufuko iko ya bwana yako. Fundo yake inasema." Juu ya mfuko ule hapakuwa na jina wala rangi. Grégoire aliangalia ile kamba, akaniangalia mimi, akaingia ndani kuvaa shati.

Tangu siku hiyo najiuliza ni nani huko Kasongo anayejua kusoma fundo la kamba. Wewe ni mtu wa mjini, unaongea na wakubwa. Ukisikia neno, niambie.

Chumvi tunaila. Kitenge chekundu nimempa Émérance, jirani yangu.

Dada yako,
Léocadie


Kasongo, 3 Novemba 1959

Dada yangu mpendwa,

Najua. Miaka miwili na nusu bila barua. Kila Asani alipopakia kwenda Kabambare nilikaa na kalamu, nikaandika salamu, nikachana. Nisamehe. Mama anaona bado? Watoto wamekuwa wakubwa?

Habari zangu utakuwa umezisikia. Yule Aziza aliyeanza na kikapu cha samaki wakavu sokoni Nyangwe ana kamyo tatu, na sasa chama kimemfanya mwenyekiti wa wanawake. Usicheke! Kura hawatupi bado, lakini nikisimama kusema, wanaume wenye kanzu na wanaume wenye kravati wanakaa chini. Wananiahidi kwamba Uhuru ukija nitapata kiti katika baraza.

Nawaambia watu kwamba mama yangu alikufa akinizaa huko Kabambare, baba akiwa mgeni na kitoto mikononi, na mke wa mkulima, Mkristo, mama yetu Régina, akanitia titi la pili wakati la kwanza unalo wewe. Nawaambia pia habari za Grégoire. Dada, ungeona! Watu wanalia. Wanaimba jina lake.

Sasa sikiliza. Tarehe 10 Januari tunakuja Kabambare kwa mkutano mkubwa. Wakubwa wa chama wanataka usimame kando yangu, mke wa Grégoire. Wamesema watalipeleka jina lake hadi Leopoldville, kwa serikali, arudishwe kwake. Kubali. Kwa ajili yake.

Mdogo wako,
Aziza


Kabambare, 21 Novemba 1959

Aziza,

Salamu. Tuko hai. Mama haoni tena.

Ni vizuri kwamba watu wanaimba jina la mume wangu. Mimi nalitaja kila jioni nikisali na halijamrudisha.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba mama ni wa mkono wa kushoto. Watu wote wa hapa hufunga mfuko kwa kuzungusha kamba kuelekea kulia. Mama huzungusha kushoto, mara mbili, akachomeka ncha ndani. Alitufundisha mimi na wewe tukiwa na meno ya maziwa, na Grégoire alipoingia nyumbani kwetu akamfundisha na yeye. Duniani tuko wanne tunaolijua fundo hilo. Mama hajafika Kasongo maisha yake. Grégoire hakujishtaki. Mimi sikumshtaki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuuliza tangu mwaka 57, nikakuachia mlango wazi uingie mwenyewe. Nimechoka kuushika.

Nitasimama kando yako. Lakini mbele ya watu wa Kabambare utasema kwa kinywa chako ni nani aliyemtaja Grégoire. Usiposema, usiniite tena dada.

Léocadie


Kasongo, 12 Desemba 1959

Dada,

Barua yako nimekaa nayo siku nane. Nakuomba uisome hii peke yako, usimsomee mama.

Bwana Mkubwa alikuwa ameipanga ile mifuko ukutani ofisini kwake, kumi na miwili. Akaniuliza, "Hii iko ya nani? Ukisema, patenti yako inabakia. Ukinyamaza, duka inafungwa leo." Nikaliona fundo la mama. Lilikuwa limefungwa vizuri kuliko mengine yote.

Mume wangu, na kadhi, na mtu yeyote aliyetaka kujua, nimewaambia kwamba walinishikisha msahafu, nikaapa, na aliyeapa hawezi kusema uongo. Wote wakanihurumia. Dada, hakukuwa na msahafu mle ndani. Kulikuwa na meza na kiti, na mimi nikafikiria kamyo yangu ya kwanza, na kikapu cha Nyangwe, kwamba sitaki kukibeba tena. Nilinyoosha kidole. Nilidhani watamfunga mwezi mmoja, nami ningekulisheni mwezi huo. Walipotaja Ekwateri nilitaka kurudi ofisini. Sikurudi.

Kila ninapomsifu jukwaani naona aibu, kisha watu wanapiga makofi na aibu inapungua kidogo, ndiyo maana namsifu tena. Sasa umejua mimi ni mtu wa namna gani.

Nitasema. Tarehe 10, mbele ya wote, nitasema. Naapa, na safari hii msahafu uko hapa chini ya mkono wangu.

Aziza, ambaye bado anataka kuwa mdogo wako


Kasongo, 17 Januari 1960

Dada Léocadie,

Sina salamu ya kukuletea. Ulikuwepo, umeona.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nilikuwa nimesema, "Watu wa Kabambare, Grégoire alichongewa," na umati wote ukaguna, na Yakubu, katibu wetu, akaninong'oneza, "Mama, hapo hapo, kaza!" Alidhani ni utamu wa hotuba. Nikakaza. Nikasema aliyemchongea ni mtu mwenye roho ya fisi, Mungu atamlipa. Nikajilaani mwenyewe kwa sauti kubwa na wakanibeba mabegani.

Nilipokuwa juu nilikutafuta. Ulikuwa umesimama pale pale, mikono kifuani. Kwa nini hukupiga kelele? Neno moja tu kutoka kwako lingenimaliza. Nililingoja, dada. Nadhani nililitamani.

Jina lake limekwenda Leopoldville. Hilo angalau ni kweli.

Aziza


Kabambare, 22 Mei 1960

Mdogo wangu Aziza,

Nakusalimu. Mama alituacha Jumatano baada ya Pasaka, bila maumivu. Alikuwa akikuuliza. Nilimwambia una kazi nyingi.

Grégoire amerudi, wiki mbili sasa. Amekonda, meno ya mbele hana, lakini anacheka yale yale. Chama chako kimefanya kilichosema, siwezi kukunyima shukrani hiyo.

Uliniuliza kwa nini sikupiga kelele. Kwa sababu nilimtaka mume wangu. Nilijua nikikuangusha pale, na karatasi ya Leopoldville imeanguka. Nikasimama, nikaupima ukweli na Grégoire, nikamchagua Grégoire. Kwa hiyo usifikiri nilikuwa bora kuliko wewe siku ile. Mbaya zaidi ni kwamba usiku wa kwanza aliniuliza, "Léocadie, ni nani alisoma ile fundo?" Nikamjibu sijui. Nilikuwa nimekasirika na wewe miaka mitatu, na uongo wangu wa kwanza kwake umekuwa wa kukufunika wewe. Nalia nikiandika.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Watu wamemweleza jinsi ulivyolibeba jina lake kila kijiji. Amesema hawezi kukaa bila kukushukuru kwa mkono wake. Nimemzuia mara mbili, mara ya tatu sikuwa na sababu ya kumpa. Ametoka leo baada ya misa kwa baiskeli, na kuku jike amefungwa nyuma, yule wa madoa, anayetaga kuliko wote. Amekataa kumchinja huku. Anasema dada Aziza ni Mwislamu, lazima achinjwe kwao, kwa mkono wao, ili aweze kula.

Barua hii nimempa Asani aliye na kamyo yako, itamtangulia. Grégoire atafika Alhamisi. Mimi nimeshindwa mara moja, sina nguvu ya mara ya pili. Akishuka kwenye baiskeli atakushika mikono yote miwili, atakuita mwokozi wake. Hapo mwambie. Au pokea kuku, umchinje, mkae mle pamoja.

Dada yako,
Léocadie