Kimo cha Jennifer

Muaither, Al Rayyan,
Doha, Qatar.
12 Februari 2012

Mpendwa dada yangu Peninah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako ambaye bado anapumua, ingawa juzi Ijumaa alikuwa na mashaka. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anameza dawa zake za presha, ama bado anazificha chini ya mto? Huku kuna baridi na, usicheke, nalala na blanketi mbili. Mimi ni mzima. Tumbo pia ni zima, tena linazidi.

Barua yako niliisoma ndani ya gari nikimngoja mke wa bosi nje ya duka. Unauliza kama Herbert amepata mwingine, maana siku hizi akipiga simu haongei kitu, mara anasema salio limekwisha. Umeniambia nisikufiche. Sikufichi. Ila ilibidi kwanza nimpeleke mahali ambapo mumeo hawezi kuniambia "niko sawa, shem" halafu aondoke.

Mahali penyewe ni boti ya bosi. Bosi amesafiri, na Haji, Mzanzibari anayeitunza, aliachiwa maagizo asiiache ikae bure. Nikamwomba atuchukue. Nikampitia Herbert kambini kwao Industrial Area, ametoka lindo la usiku, macho mekundu, lakini akaja.

Uvuvi huu Haji anauita kurambaza. Boti inakwenda polepole, mishipi inaburutwa nyuma, na mwishoni kuna kisamaki cha bati kinachometameta ili samaki mkubwa adanganyike. Nilimweleza Haji kwamba mimi nimekulia kando ya bwawa la Masinga, samaki nawajua. Wewe unajua nilichokuwa nikivua Masinga: usingizi. Hata hatujaliacha jiji mbali, nikainamia maji na kuwapa samaki chai yangu yote ya asubuhi.

"Mvuvi wa bwawa," Haji akasema, "wewe unawavua ama unawalisha?"

Kidogo tena nikarusha ndoano, ikanasa kofia yake. Hapo Herbert akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kabla ya Krismasi.

Kurambaza kuna uzuri wake, dada. Kila mtu anatazama mshipi wake, hakuna anayekutazama usoni. Nadhani ndiyo sababu Herbert alianza kusema, taratibu, kama anayezungumza na maji.

Kumbe kabla ya Krismasi ulimpa Jennifer simu amsalimie baba yake, nawe ukarudi jikoni. Mtoto alisikiliza, akaita, "Mama, kuna mtu!" Akaweka simu chini akaenda kucheza. Ni hivyo tu. Labda hata hukusikia.

"Mtu, shem," aliniambia. "Nyumbani kwangu mwenyewe mimi ni mtu tu."

Alimwacha hajaanza kukaa, unakumbuka. Tangu siku hiyo anaogopa utampa Jennifer simu tena, ndiyo maana salio linakwisha mapema. Hakuna mwanamke mwingine, Peninah. Anayemnyima usingizi ni mmoja mdogo tu, na umemzaa wewe.

Hapo hapo mshipi wake ukakazika. Haji akaanza kelele: "Usimvute kwa hasira! Mwachie, mwachie bwana! Haya, sasa vuta! Nyie watu wa bara mtaniua!" Herbert alipambana mpaka shati likalowa, nami nikasaidia kwa kutokaa njiani. Akatoka nguru, yule Waarabu wa hapa wanayemwita kanadi, mrefu, mgongo kama chuma kilichosuguliwa.

Ningekuwa mimi, ningeomba picha. Herbert alimsimamisha yule samaki wima kando ya mguu wake, mkia sakafuni, akaweka kiganja juu ya pua ya samaki, akaniuliza, "Shem, Jennifer sasa atakuwa amefika hapa?"

Sikujua. Mjomba gani huyu! Haji naye akakata uzi wa nailoni, urefu wa samaki kamili, akampa Herbert.

Ndio huo uliokunjwa ndani ya bahasha. Winfred wa hapa kazini anakuja likizo huko nyumbani na ameapa hataupoteza. Msimamishe Jennifer ukutani, bila viatu, umpime nao. Mwambie ni samaki wa baba. Ijumaa ya kwanza baada ya Winfred kufika, Herbert atapiga simu na mwenyewe ataomba apewe Jennifer, amuulize kati yake na samaki nani mrefu. Usimjibie mtoto. Na usiende jikoni. Kuhusu uzi Herbert anajua, lakini hayo mengine ni kama sikukuandikia; ukinitaja, nitakana.

Nguru tulimla kambini kwa wali. Kichwa alikula Herbert, akalamba na vidole.

Nisalimie Mama, umwambie nimeziona dawa chini ya mto nikiwa huku huku. Msalimie Augustine, umwambie kaka yake sasa ni mvuvi wa baharini, lakini asimuulize Haji.

Mungu awatunze nyote, na amkuze Jennifer vizuri, ila asiharakishe sana. Baba yake bado yuko njiani.

Kaka yako akupendaye, nchi kavu na majini,
Jeremiah