Mambo Mawili, Furushi Moja

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limeamkaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako anaota meno, na mimi naota kulala.

Mama, kazini nimechoka kusemwa. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nakunja mashuka na mama mmoja mtu mzima. Tunamwita Bi Pindo, kwa kuwa hapitishi shuka bila kulibana pindo kwa vidole. "Hili bado bichi. Lirudi mashineni." Mbele ya watu wote! Wiki iliyopita nikamjibu, "Bibi we, shuka kavu hili. Labda vidole vyako ndivyo vinatoka jasho." Wenzangu wakacheka. Naye akanitazama: "Utajulia wapi kavu na bichi, wewe ambaye hata mwanao analelewa na majirani?"

Tangu hapo tunakunja shuka moja, uso kwa uso, bila neno. Wenzangu wamemwandikia msimamizi karatasi, Bi Pindo aondolewe. Wananingoja mimi tu niweke sahihi. Nifanyeje?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linadai haki yake, lakini natembea. Mjukuu wangu umsugue fizi kwa kidole safi, atatulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza, nilikasirika pamoja nawe. Kumsema mtu kwa mtoto wake ni ubaya, wala siurembi. Mwambie hivyo machoni, mkiwa wawili. Ya pili, nikajiuliza: hivi lile shuka lilikuwa kavu? Mbona hukuniambia?

La shuka na la mtoto ni mambo mawili, mama, na wewe umeyafunga furushi moja. Anayebishana nawe kwa ajili ya kazi, bishana naye mpaka mjue kweli iko wapi. Anayekuchoma moyo, mwambie akome. Karatasi haiwezi kutenganisha hayo. Usitie sahihi kwa hasira.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole na mvua. Barua yako ilinikuta nimeshatia sahihi.

Bi Pindo alipelekwa kufagia ua. Na pakawa raha, nisikufiche! Hakuna wa kubishana naye. Shuka likitoka mashineni ni "pitisha, dada, pitisha," na kazi inaisha mapema.

Jumanne akaingia muuguzi wa wodi ya walioungua, shuka mkononi. Katikati kavu, pindoni madoa ya ukungu, linanuka. Kuna binti kalazwa kule, mgongo wote mbichi. Kidonda kilikuwa kinafunga, sasa kinatoa usaha. "Mashuka haya yamekunjwa na nani?"

Wenzangu wakainamia mashuka yao.

Lile shuka uliloniuliza, Mama, halikuwa kavu. Nilijua siku ileile. Nikasema, "Ni mimi."

Kesho naenda kwa msimamizi kufuta sahihi yangu. Wenzangu wanasema nikithubutu, nisiwasemeshe tena. Niombee, ila umwombee kwanza yule binti.

Mwanao

15 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Jino limetoka, usiku tunalala kidogo. Wewe je?

Sahihi nimeifuta. Msimamizi akasema zimebaki sita, uamuzi haubadiliki. Nikatoka uani, nikamkuta Bi Pindo ameinamia ufagio. Nikamwambia, "La shuka ulisema kweli, na nilijua. La mwanangu ulinikosea."

Alifagia hatua mbili tatu, kisha akasimama. "La mtoto nilitaka likuume. Nisamehe, mwanangu. La shuka siombi radhi."

"Usiombe."

Akauliza habari za binti. Nikamwambia homa imeshuka, mgongo bado. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Wiki nzima nimekula peke yangu. Leo asubuhi nikazuia furushi zima lisiende wodini. Dada wa mashine ya pasi, aliyeandika ile karatasi, akanipigia kelele: "Ndiyo umeanza!"

"Nimeanza. Mapindo haya mabichi. Kama nasema uongo, njoo uguse."

"Siji."

"Basi haliondoki."

Tulisimama hivyo, Mama. Mwisho akaja, akagusa pindo la kwanza, la pili, la tatu. Akalibeba furushi mwenyewe akalirudisha mashineni, bado amenuna.

Mwanao