Niliianika Siri ya Shangazi Mtandaoni

Mshauri mpendwa,

Nakiri kwamba sijazoea kuomba ushauri, kwa kuwa kwa kawaida mimi ndiye huutoa, tena bila kuombwa. Nina shahada, nimesoma vitabu vingi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikichapisha makala mtandaoni zilizosomwa na watu kumi na mmoja, nami nikiwa miongoni mwao, mpaka mwezi uliopita nilipoandika juu ya shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea na kunisomesha, ambaye kila nilicho nacho kimetoka mikononi mwake, nikasimulia kwa upendo jinsi anavyompima mteja kiuno, akamtajia inchi mbili pungufu ili aondoke akitabasamu, kisha akakata kitambaa kwa kipimo cha kweli alichokihifadhi kichwani.

Makala ikasambaa. Watu nisiowajua waliniandikia kwamba wamewakumbuka mama zao; mmoja alisema amempigia simu dada yake waliyenuniana naye kwa miaka mitatu; nami nawashukuru wote kwa dhati, kwani sikujua maneno yangu yangeweza kufika huko. Shangazi sikumtaja jina, lakini niliweka picha ya duka lake, na Jumatatu mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, aliingia na simu mkononi akasema mbele ya wenzake, "Haya fundi, nipime tena, na leo futi naisoma mwenyewe!" Wakaangua kicheko. Tangu hapo kila mteja anataka kuikodolea macho futi, wawili wamehamia kwa fundi mwingine, na shangazi ananiambia tu, "Chakula kiko mezani, msomi," yeye ambaye hakuwahi kuniita hivyo ila kwa fahari. Nilimweleza kwamba nimemsifu, na kwamba mwandishi ana wajibu kwa ukweli. Akaniuliza, "Baba, ukweli huo ulikuwa wako?"

Je, niifute makala pekee iliyonipa wasomaji?

Mwandishi Aliyeishiwa Hoja

*

Ndugu mwandishi,

Nimecheka, halafu nikakukasirikia. Unajua kuandika, sikunyimi hilo, na shukrani zako ni za kweli. Ila wageni umewashukuru, shangazi ukampa mhadhara! Yale maneno kuhusu mikono yake umeniambia mimi. Yeye amewahi kuyasikia? Katika barua yako yote sioni uliposema umemsomea makala hiyo. Ameipata vipande vipande kutoka kwa watu wanaomcheka. Na hakumwibia mtu: nguo ziliwakaa vizuri na nyuso zao zikasitirika. Wewe ndiye uliyewavua.

Usiifute bado. Ifiche leo hii, na picha iondoe kabisa. Kesho fika dukani kabla ya wateja, umsomee yote, polepole, umshukuru kwa kinywa chako. Sentensi asiyoitaka, itoe bila kubishana. Akisema yote itoke, itoke; uliandika ukiwa na wasomaji kumi na mmoja, utaandika tena. Kisha umwombe ruhusa ya kukaa naye pale Jumamosi, na mwalimu akija na vichekesho vyake, simama umwambie, "Mwalimu, kosa ni langu, fundi hajakukosea lolote."

Baada ya hapo, nyamaza. Najua hilo ndilo litakalokutoa jasho.