Nyigu Mmoja Ukutani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechelewa kufungua duka. Mama alikataa kuoga. Nimepanda ngazi za ghorofa na kushuka tena kabla sijanywa chai, na magoti yanalia. Wateja wachache, wote wa kushikashika vitambaa na kwenda zao. Ngara yote leo imenuna.

Mchana Naliaka, niliyecheza naye zamani, kapiga simu. Vijana wa Kangemi wanakarabati uwanja wetu wa zamani wa mpira wa kikapu. Wamepata rangi. Ukutani wanataka kumchora mchezaji mmoja wa Nyigu, timu yetu ya ujana. Mmoja tu, ukuta ni mfupi. Wanataka yule aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Nilicheka, mara ya kwanza leo. Nyigu! Timu zikisikia zinakuja Kangemi zilikuwa zinabeba bandeji kwanza, mpira baadaye. Tulikuwa wasichana wembamba, hatukufundishwa kucheza vizuri, basi tukajifundisha kuumiza. Marefa walitukwepa kama deni.

Kisha nikachoka tena. Wale wanawake nawajua. Hili halitaisha kwa amani.

Jumanne, 9 Septemba

Majina yamebaki mawili. Akinyi na Mumbi. Naliaka anamtaka Akinyi. Wanza, mwenzetu wa tano, anamtaka Mumbi. Wenyewe hawapigi kura. Imebaki yangu.

Kwa nini mimi? Naliaka anasema mimi ndiye niliyekuwa nagawa mipira, niliwaona wote. Kweli niliwaona. Hakuna aliyeuliza kama mimi nilikuwa mgumu. Sawa. Sikuwa. Nilikuwa na mbio tu.

Akinyi alikuwa mrefu, mabega kama mlango. Alimvunja pua msichana mmoja wa chuo, akampa leso yake ajifute damu, akaendelea kucheza. Mumbi alikuwa kijiti. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya anayekuja mbio, agongwe. Anaanguka, anaamka, anasimama tena palepale. Alirudi mazoezini mtoto wake wa kwanza akiwa mchanga kabisa. Maziwa yalilowesha jezi. Akagongwa kifuani. Akakunja uso, basi.

Sasa Mumbi anauza viazi sokoni Kangemi. Akinyi alikuwa karani mjini, amestaafu mwaka huu.

Mama aliniona naandika, akauliza ni nini. Nikamwambia ni habari za mpira.

"Kwani wewe mwanangu ulicheza mpira?"

Alinichapa kwa sababu ya kaptura ya kuchezea. Alimwita hata mwalimu wa madrasa aje aniseme. Ugomvi ule wote, na ameusahau. Nimebaki nao peke yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Tangu juzi ni simu. Leo Akinyi kaja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza na hadithi za zamani, akaniigizia yule refa aliyejificha chooni. Nilicheka mpaka machozi. Kisha akaacha.

"Zuu, kura yako iko wapi?"

Nikamwambia sijaamua.

"Hujaamua nini? Ukisukumwa, nani alikuwa anaenda kumaliza hiyo maneno?"

Yeye. Ni kweli kabisa. Hakuna aliyenigusa mara ya pili Akinyi akiwa uwanjani.

"Watoto wako mbali," akasema. "Kwa ofisi walishapea mtu mwingine meza yangu. Nakaa kwa nyumba naangalia ukuta. Angalau huu mmoja uwe na mimi."

Alisema hivyo akitazama barabarani, si mimi. Nilimpa chai. Nampenda. Nimechoka naye. Yote mawili.

Mumbi hajapiga simu hata mara moja. Na hilo nalo linanichosha.

Jumamosi, 13 Septemba

Andika tu, Zuhura, ulale.

Tulikutana Kenyatta Market, sote watano. Jirani alikaa na Mama. Nyama, ugali, kachumbari. Ilianza vizuri. Kisha Wanza, mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akasema Akinyi alikuwa anapiga wadogo tu. Akinyi akasukuma sahani. Akasema Mumbi hakuwa mgumu, alikuwa gunia. Hata gunia hugongwa na haliendi popote.

Mumbi alimaliza kutafuna. Akanawa mikono.

"Twende kwa uwanja," akasema. "Na ukuje na mbio zako zote."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Tulienda Kangemi, wanawake wa karibu miaka sitini, tumevaa viatu vya kutokea. Shiro, binti anayechora, alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta rangi nyeupe. Alipotuona alishuka. Mumbi akavua viatu, akasimama chini ya kikapu, mikono kifuani. Akinyi akarudi nyuma mpaka katikati ya uwanja. Nilisema acheni upuzi. Hakuna aliyesikia. Nilitaka kwenda kusimama kati yao, sikwenda.

Akinyi akaja. Mzito sasa, lakini alikuja kweli. Nilisikia saruji chini yake. Mumbi alilitazama lile bega linakuja na hakufumba macho. Hakusogea hata kidole. Hatua ya mwisho kabisa Akinyi akakwepa. Akateleza, akaangukia kiuno. Mlio mbaya.

Mumbi akampa mkono. Akinyi hakuushika. Alinitazama mimi, bado yuko chini.

"Sema, Zuu."

Ningeweza kudanganya. Niliikumbuka ile meza yake ya ofisini. Nikasema, "Mumbi."

Alijiinua mwenyewe. Akajipangusa sketi, akaokota mkoba, akaondoka akichechemea. Naliaka alimfuata. Akinyi alimfukuza kwa mkono.

Jumapili, 14 Septemba

Akinyi hashiki simu. Nimefua shuka za Mama. Mwili wote unauma kana kwamba niliyeanguka ni mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Akinyi bado hashiki simu.

Naliaka anasema hakuvunjika, kiuno kimevimba tu. Anasema pia kwamba nilikuwa mkatili, kwamba ningesema wote wawili yakaisha. Labda. Lakini waliniuliza nilichokiona. Na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Nimechoka kuwa mtu wa kuulizwa.

Mumbi alipita dukani, amekuja mjini kumtafutia mjukuu sare ya shule. Hakukaa.

"Waambie wamchore Akinyi," akasema. "Mimi sina shida."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilimwona pale Jumamosi, hakupepesa hata jicho.

Alishika kitambaa, akakiachilia.

"Niliogopa, Zuu. Hata zamani. Kila siku nilikuwa naogopa."

Akaenda. Mteja aliyefuata alitaka pazia la kijani na nikampimia la buluu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama alilala mchana kutwa. Nilikaa kando yake. Nilimpigia Akinyi, ikaita mpaka ikakatika. Sikutuma ujumbe. Nikimwambia samahani nitakuwa nasema uongo, na yeye atajua.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilifunga duka mapema, nikaenda Kangemi kuuona ukuta. Mawingu, baridi. Nilifikiri nitamkuta Shiro peke yake.

Akinyi alikuwa pale. Amekaa kwenye kreti ya soda, fimbo kati ya magoti, akiamrisha. Mumbi kachorwa ukutani kuanzia kiunoni kwenda juu, mkubwa, ngozi inang'aa, midomo imepakwa vizuri.

"Umemfanya mrembo," alikuwa akimwambia Shiro. "Kwani hii ni harusi? Toa hiyo smaili kwa mdomo. Na uweke kovu hapa, juu ya jicho."

Shiro akauliza kovu lenyewe alilipata wapi.

"Kwangu. Mazoezini. Nilimpiga na kiwiko, damu ikashuka mpaka kwa mdomo. Nikajua leo huyu ataenda nyumbani. Akajifuta na jezi, akaniambia, haya, rudia."

Shiro akauliza kama alirudia.

"Sikurudia," Akinyi akasema.

Alinisikia nyuma yake. Hakugeuka. Baadaye kidogo alisogea ukingoni mwa kreti, nikakaa kwenye nusu iliyobaki. Bega lake lilikuwa na joto. Shiro alichanganya kahawia na nyeusi, akapanda ngazi, akalichora kovu polepole juu ya jicho la kushoto.

"Hapo," Akinyi akasema. "Hapo hapo."