Kitambaa cha Kiti cha Masinde

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, tarehe 11 Mei

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yote ya mwanao. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuzungusha? Nisalimie kina mama wa kanisa, hasa yule anayeimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko wenye sauti ya kwanza. Mimi huku ni mzima. Chakula kinapita vizuri, ila usingizi ndio umekuwa wa mang'amung'amu wiki hizi tatu, kwa sababu utakayoisoma huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu simu, Mama. Mara nne nimekupigia neno likiwa kooni, na mara nne tumeishia kuzungumza habari za mihogo. Basi nimeona niandike, kisha niifiche barua ndani ya mfuko wa sukari anaokuletea dada Triza, ili usome ukiwa umeketi nami nikiwa mbali.

Kazi pale Gikomba inaendelea. Bado nashona viti vya sofa, na siku hizi wenye pikipiki za safari ndefu wananijia pia, wakitaka viti vya kukalia kutwa nzima. Mtu akishuka kutoka Moyale bila kushika kiuno, hunitaja kwa wenzake. Usidhani natia chumvi, muulize Triza.

Lakini hasa nataka kukuandikia habari za Masinde. Kwa miaka mitatu nimekusimulia juu ya huyu rafiki yangu seremala, jirani yangu hapa Shauri Moyo, na pikipiki yake, mpaka unaijua kama unavyowajua kuku wako. Ulicheka hadi ukajifuta machozi nilipokueleza safari ya kwanza ya Nanyuki, jinsi kiti kilivyomchoma akarudi Nairobi amesimama nusu ya njia kama mhubiri wa sokoni. Nilikueleza jinsi kiti kile kilivyovuliwa, sponji ikapunguzwa, kikachimbiwa bonde la kukalia, mbele kikawa chembamba ili miguu ifike chini, nyuma kikainuka kama nundu ya ng'ombe. Hakuna kingine kama hicho Kenya nzima. Baadaye kikaja kioo cha kukinga upepo, halafu masanduku mawili ya bati pembeni. Ndipo pikipiki ikaanza kufika Marsabit na Lodwar, na kila ilikofika nilikupigia simu nikakwambia Masinde amefika salama. Nawe ulisema amina.

Sasa pikipiki hiyo imezeeka. Ikipanda kutoka Mai Mahiu na mzigo, malori ya kabichi huipita yakipiga honi ya huruma. Yuko nesi mmoja, Nthambi, anayeongoza kundi letu la waendeshaji wa huku Eastlands. Anachukua mpya na anaiuza ile yake ya zamani, kubwa, tulivu, isiyotikisa mtu mifupa. Amekubali kuishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Umeona nimeandika "kundi letu". Nimeliona hilo neno na nimeamua nisilifute.

Turudi kwenye Pasaka. Nilipokuwa naondoka nyumbani ulinipa furushi nimletee Masinde. Ulisema kwa kuwa unamwombea kila Jumatano, ni vizuri naye apate kitu cha mkono wako. Nililifikisha. Masinde alilifungua mbele yangu kwa furaha, akatoa kitambaa cha kufuma, cha njano, pindo la kijani, chenye lastiki kuzunguka ukingo. Alikijaribu kwenye meza kikakataa. Akakijaribu kwenye stuli, kikakataa. Mwisho akakivaa kichwani akaniuliza, "Buda, mamako amenifumia nini hii? Mbele iko nyembamba, nyuma iko na nundu. Ama ni ya mtoto wa ngamia?"

Wapangaji wote waliokuwa uani walicheka. Mimi sikucheka. Nilikichukua kile kitambaa, nikaenda nacho mpaka ilipoegeshwa pikipiki, nikakivisha kile kiti. Kikaingia. Hakikuvuta popote, hakikulegea popote. Hata pale kwenye bonde kilizama, na pale kwenye nundu kikapanda. Mama, nimeshona viti miaka tisa sasa. Kitambaa hakikai hivyo kwa kubahatisha, hukaa hivyo kikipimwa kwa futi. Na pikipiki hiyo, kwa maneno yangu mwenyewe, haijawahi kukanyaga huko nyumbani Funyula.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Basi nimepiga moyo konde, na nasema: pikipiki ni yangu.

Masinde yupo kweli, na ni seremala kweli, lakini hata baiskeli anaiogopa. Safari zote nilizokusimulia nilikwenda mimi. Nanyuki ni mimi niliyerudi nimesimama. Kila ulipomwombea Masinde, ni mimi niliyekuwa barabarani, na yeye alikuwa hapa anapiga randa mbao zake.

Nakumbuka vizuri nilivyokuahidi. Asubuhi nilipotoka nyumbani kuja Nairobi ulinishika mkono, mjomba Opicho akiwa ameketi pale mlangoni na mguu aliovunjwa na pikipiki umenyooshwa kwenye kigoda. Uliniambia nisije nikamiliki kitu kile maishani mwangu, nami nikasema sitakimiliki. Nilisema kweli wakati ule. Kisha mtu mmoja aliniletea kiti nimshonee, akaniruhusu kuzunguka mtaa na pikipiki yake mara moja tu ili nikijaribu, na mambo yakaishia hapo, yaani yakaanzia hapo.

Kila nilipokuja nyumbani niliiacha kwa Norah, kwenye mashine yake ya kusaga unga, chini ya turubai, kisha nikatembea na begi begani kama mtu aliyeshuka kwenye basi. Uliniuliza mara mbili kwa nini begi langu lina unga. Uliniuliza ni basi gani hili linalomletea abiria wadudu kwenye kola ya koti, nikakujibu kwa uso mkavu kwamba dirisha lilikuwa limevunjika. Na lile sanduku la bati ulilonipeleka nalo shuleni, ambalo nilikwambia limeibiwa, halikuibiwa. Ndilo masanduku mawili ya pembeni. Jina langu ulilolipaka kwa rangi nyeupe lilikatwa katikati: GRIFFINS yuko kulia, OKUMU yuko kushoto.

Nimekaa nikakumbuka Krismasi. Siku ya pili yake uliamka mapema ukaenda kusaga mahindi, na nyumbani kulikuwa na madebe mawili ya unga. Sikujiuliza. Kumbe ulikwenda kwa Norah na futi yako ya cherehani mfukoni, ukainua turubai, ukapima. Halafu ukarudi ukanikaangia mayai. Ulijua, ukanyamaza, ukafuma miezi mitatu na zaidi huku ukiniuliza Masinde hajambo. Mama, hilo limeniuma kuliko kama ungenichapa. Nimeona aibu, na nimekupenda sana.

Nthambi naye amenibana. Kundini kila mtu huandika jina na namba ya mtu wa nyumbani atakayepigiwa simu likitokea la kutokea. Mimi niliandika Masinde. Nilipokwenda kuiona pikipiki yake alisema, "Griffo, mimi siuzii mtu mwenye mamake hajui. Enda uoshe roho kwanza, alafu ukuje." Alinipa kiti chake tu nikitengeneze, akabaki na pikipiki.

Kwa hiyo nakuomba msamaha kwa uongo wa miaka mitatu, na wala siombi msamaha wa nusu. Pia nakuachia uamuzi. Ukisema basi, basi. Nitauza hii ya zamani, kubwa sitaichukua, na nitapanda basi lenye madirisha mazima. Nitanung'unika kidogo, lakini nitapanda.

Ila kabla hujaamua, sikia. Kiti cha Nthambi kiko mezani kwangu Gikomba. Cha mbele nimekimaliza. Cha nyuma ni kipana, kina egemeo la mgongo, na sponji yake sijaigusa. Miaka yote hii hujawahi kuja kuona ninakoishi kwa sababu harufu ya gari hukutapisha hata kabla halijawasha injini. Kwenye pikipiki hakuna harufu, kuna upepo tu. Sisemi Nairobi. Tungeanza na kanisani, polepole, mjomba Opicho akitutukana kutoka mlangoni.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba kiti hakishonwi bila kipimo. Triza anarudi Jumapili ijayo. Kama umekataa, mpe salamu tu, nami nitakirudisha kiti kwa mwenyewe. Kama umekubali, chukua futi ile ile, ujipime, umpe vipimo aniletee.

Masinde anakusalimu. Anasema kitambaa nibaki nacho, lakini maombi ya Jumatano yasikatwe, ameshayazoea.

Ni mimi mwanao, wa kulia na wa kushoto,

Griffins Okumu