Duara la Chetezo Ndani ya Mustang

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimeiona! Wallahi nimeiona — gari ya Baba!

Natoka kusomesha skuli Al Qabil — huku Oman Jumapili ni kazi — narudi zangu Ibra, mara ngurumo nyuma yangu. Nikadhani lori. Kumbe Mustang, ile ya mwaka sitini na tisa! Imenipita hivi hivi. Siku hizi ni zambarau, Baba alikuwa nayo nyeupe. Matairi ya nyuma mapana, boneti imekatwa tundu, mashine inachungulia nje. Wameiremba kama bibi harusi. Lakini umbo lile, mgongo ule! Utoto wangu wote nimekaa kiti chake cha nyuma. Nikaifukuza mpaka raundabauti ya Ibra, ikanipotea. Kigari changu kimelia njia nzima, maskini.

Baba sijamwambia. Tangu Mama kufariki hajavuka kizingiti. Hata msikitini hendi, na msikiti uko pale pale. Anasema hana pa kwenda. Ningeipata ile gari! Angetoka. Najua angetoka.

Jumatatu, 13 Januari

Nimempigia kaka yangu Ghanim, Nizwa. Akicheka huyu anakera! Ati Mustang zimejaa Maskati. Ati mie sijui gari wala kabati. Ati ya Baba iliuzwa zamani, imeshageuzwa masufuria.

Nikamuuliza: umesahau chetezo?

Kila Ijumaa Mama alikuwa akifukiza udi nguo za Baba na gari pamoja, kabla ya sala. Siku moja kakiweka chetezo juu ya mlango wa kidroo cha gari, mbele ya kiti cha abiria, ule unaofunguka kwa chini, akaenda kumpokea mgeni. Kurudi — pameungua duara zima! Baba alinuna. Mama akasema, sasa imepigwa muhuri, ni yangu. Rangi watabadilisha, mashine watabadilisha. Duara lile je?

Ghanim kaapa: likiwepo, atakuja kutupikia biriani kwa mikono yake. Hajui hata kuchemsha yai!

Jumatano, 15 Januari

Aibu! Na furaha! Aibu kwanza.

Nimeikuta sheli, inatiwa petroli. Kijana kaegemea mlango. Nikampigia Ghanim pale pale, kwa Kiswahili, sauti juu kama kawaida yetu — nani atajua? Nikasema ninayo mbele yangu, mwenyewe kijana, nywele kama fagio, mamake kamwachiaje atoke hivi? Ngoja nimlainishe nichungulie ndani.

Nikakata simu. Nikamgeukia na Kiarabu changu cha adabu. Akajibu: "Shikamoo, bi mkubwa. Mama kashasema sana, nywele ndio hazisikii."

Kiswahili cha Pemba, safi! Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kalelewa Bidiya, hapa jirani, na bibi yake mzaliwa wa Wete. Jina lake Abdullatif. Kacheka mpaka kashika tumbo. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari yote. Akakifungua kidroo mwenyewe.

Duara! Lipo! Nikapiga kigelegele pale pale sheli, watu wakatoka nje. Kila kitu kabadilisha isipokuwa mlango ule. Bibi yake aliuona tu akamwambia, hiyo ni alama ya chetezo, hii gari ilipendwa, usiiguse hapo.

Kaahidi Ijumaa ataileta kwetu, Baba aione. Nimempelekea Ghanim picha. Kajibu: mchele kiasi gani? Ha!

Alkhamisi, 16 Januari

Nimemwambia Baba kesho kuna mgeni. Aingie, kasema. Nikamwambia mgeni huyu hapiti mlangoni. Kageukia ukutani. Naogopa. Akiikataa hii, sina nyingine.

Ijumaa, 17 Januari

Ghanim yuko jikoni tangu asubuhi, kitunguu kimemliza. Abdullatif kafika — mtaa mzima umetetemeka. Baba: "Lori gani hilo?" Nikasema si lori. Akatega sikio. Ikanguruma tena. Akasema nimpe bakora yake.

Kavuka kizingiti! Kwa miguu yake! Kaizunguka gari, anayagonga matairi kwa bakora. "Zambarau?" Abdullatif macho chini. Kisha Baba kafungua mlango wa abiria, kafungua na kidroo, kidole kwenye duara. Akakizungusha pole pole. Ghanim kasimama na mwiko, machozi yanamtoka, anasema ni kitunguu. Nani kamuuliza!

Halafu Baba akaniita: "Thuraya! Leo Ijumaa, gari haijafukizwa?"

Nimekimbia ndani. Chetezo cha Mama kilikuwa juu ya kabati, vumbi tupu. Naandika huku mkaa unashika. Dirishani namwona Baba kashahamia kwenye usukani, anaweka kilemba sawa kwa kioo cha gari. Anadai ufunguo. Abdullatif anamtazama Ghanim, Ghanim anatazama dirishani kwangu. Na leseni ya Baba imekwisha zamani!

Mkaa umeshika. Honi hiyo — mara mbili, ndefu. Ndivyo alivyokuwa akimhimiza Mama.